Rubani Aliyemfikisha Waziri

Hapo zamani za juzi, kwa kuwa zamani za kale zilikwisha kuchukuliwa na wasimulizi waliowahi foleni, palikuwa na nchi iitwayo Karibuni, na mji wake mkuu uliitwa Hodi. Nchi hiyo hamuijui, wala haipakani na kwenu. Mkiona humu jambo linalofanana na la kwenu, jueni ni watu wa Karibuni walioiga; wana tabia hiyo.

Karibuni ilikuwa nchi ya adabu. Nchi nyingine zilijisifu kwa dhahabu na gesi, yenyewe ilijisifu kwa kusindikizana. Mgeni akiaga hakuachwa mlangoni kama mkusanya taka. Sheria ilitaka asindikizwe mpaka katikati ya safari yake, iwe ya mtaa wa pili au ya mkoa wa mwisho. Na mgeni naye, kama kweli alilelewa, hakuthubutu kuwaacha wenyeji wake warudi wapweke. Aliwarudisha hadi kwao. Wakifika jua limezama, wanamwambia alale, ataondoka kesho. Kesho yake wanamsindikiza tena.

Mtindo huo uliwafanya wananchi wa Karibuni wawe wasafiri kuliko mataifa yote, ila kufika hawakufika. Walimu waliopangiwa shule za mikoani walikuwa bado njiani, na baadhi yao walistaafu humo humo njiani wakapewa saa za ukutani. Mheshimiwa Rais alipokwenda ng'ambo, baraza zima la mawaziri lilijipanga uwanjani kumuaga, kisha likabaki palepale likingoja kumpokea, kwa sababu kwenda ofisini na kurudi kungekuwa kupoteza muda wa serikali. Na maneno yaliyochukiwa kuliko matusi yote ya nchi hiyo yalikuwa mawili tu: "Inatosha, rudini." Aliyeyatamka alihesabiwa kwamba ameupima upendo wa watu kwa kibaba.

*

Chausiku Mbelwa alikuwa msichana wa Hodi, binti wa muuza mihogo ya kukaanga, na alikuwa rubani. Si rubani wa maneno. Alipata nafasi ya kusomeshwa ng'ambo, akasoma, akarudi na leseni yenye picha aliyofumba jicho moja. Leseni hiyo ilikuwa na sharti lililoandikwa na wageni wasioijua Karibuni: mwenye nayo asipotua walau mara moja kwa mwaka katika uwanja tofauti na ule aliorukia, leseni inakufa, na kuifufua ni kwenda kusoma upya. Wageni hao, maskini, walidhani ndege huwa zinakwenda mahali.

Mwaka wa leseni ya Chausiku ulikuwa unakwisha pamoja na masika. Nafasi ya kusomeshwa ng'ambo haiji mara mbili kwa mtoto wa muuza mihogo, na yeye alikwisha kuanza kuliangalia karai la mama yake kwa jicho la mtu anayeoneshwa chumba atakachopanga. Ndipo, katika wiki moja, mashirika matatu ya ndege yakamwita kwa pamoja. Kazi nazo hazina adabu ya kupanga foleni.

La kwanza liliitwa Mabawa ya Dhahabu, mali ya shemeji wa waziri mmoja. Ofisi ilikuwa na zulia linalomeza viatu na picha ya ndege iliyojaa ukuta mzima. Mtihani wao ulikuwa wa kutembea: rubani avute kisanduku chenye magurudumu kutoka mlango huu hadi ule, akitazama saa yake kana kwamba kuna mawingu yanamsubiri. Chausiku alifaulu vizuri sana, wakampigia makofi. Kisha akauliza ndege ziko wapi. Meneja akamtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeulizia nyama kabla hajanawa mikono. Akamweleza taratibu kwamba shirika lilianza na mambo ya msingi, yaani sare, na kwamba ndege zilikuwa katika mchakato.

La pili lilikuwa shirika la taifa, jina lake Heshima. Hili lilikuwa na ndege, na ndege yenyewe ilikuwa moja. Meneja wake, Bwana Mwinyikombo, alimpa Chausiku shati la kujaribu, mabegani lina michirizi ya dhahabu mingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alimpigia saluti mara mbili, moja kwa kila bega. Ukutani palikuwa na ratiba: Hodi kwenda Ukomo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Ukomo ndio mji wa mwisho wa nchi ile, kule ardhi inakochoka.

"Inafika?" Chausiku akauliza.

"Inakwenda," alijibu Bwana Mwinyikombo.

"Nimeuliza kama inafika, baba."

"Binti yangu, pameandikwa Ukomo. Kwa herufi kubwa. Unataka nini zaidi?"

La tatu halikuwa hata na jina. Watu waliliita la Bi Nyamizi, kwa kuwa lilikuwa la Bi Nyamizi. Ofisi ilikuwa banda la mabati mwishoni mwa uwanja, na ndege ilikuwa kizee cha mapangaboi mawili ambamo abiria walipakata vifaranga vya watu. Juu ya mlango palikuwa na kibao: MWENYE TIKETI APANDE, ASIYE NA TIKETI APUNGE MKONO. Nchi nzima ilikichukia kibao hicho. Wizara ilikwisha kulitangaza shirika hilo kuwa halina malezi.

Bi Nyamizi mwenyewe alikuwa amekaa juu ya pipa la mafuta akitafuna hindi la kuchoma. Hakumtembeza Chausiku wala hakumpa shati.

"Unajua kutua?"

"Najua, bibi."

"Unaona haya kuondoka?"

Chausiku akatazama viatu vyake. Yeye ni mtoto wa Karibuni. Haya za kuondoka alizinyonya ziwani. Bi Nyamizi akatema ganda la hindi, akamwambia akafikiri kwanza, swali lile halina jibu la papo kwa papo.

*

Nyumbani mtaa mzima ulikuja kumsaidia kuchagua. Jirani mmoja alisema Mabawa ya Dhahabu, kwa sababu ndege isiyokuwepo haianguki. Mwingine alisema Heshima, kwa sababu ya yale mabega. Wa kumtaja Bi Nyamizi hakutokea, na Chausiku mwenyewe alipomtaja, mama yake, Bi Siwatu, aliacha muhogo ukaungua.

Alisema hakumzaa mwanawe aje kufanya kazi na watu wanaoondoka kama wezi wa kuku. Ndege inanguruma, inakwenda zake, hakuna aliyeshikwa mkono, hakuna aliyelia vizuri. Huo ni usafiri au ni msiba?

Bi Siwatu alikuwa na lake moyoni. Dada yake mkubwa, Mwantumu, aliolewa Ukomo. Tangu harusi ile, Bi Siwatu alikuwa na begi lililofungwa chini ya kitanda, ndani yake kanga mpya ya kumpelekea dada. Kila mwaka alianza safari, mtaa ukamsindikiza, naye akaurudisha mtaa. Kanga ilikuwa inafifia bila kuvaliwa. Mtoto wa Mwantumu alizaliwa, akakua, akaolewa, na Bi Siwatu alikuwa bado anakwenda kwenye arobaini yake. Alikuwa ameamua kwamba Ukomo ni mbali tu, haufikiki, Mungu alivyoupanga.

"Chukua hiyo ya taifa, mwanangu," alisema. "Pameandikwa Ukomo. Labda wewe utanifikisha kwa adabu."

Basi Chausiku akachagua Heshima. Mwajiri wa mtoto wa Karibuni huchaguliwa na mama.

*

Wiki ya kwanza tu aliujua uhondo. Ndege ya Heshima ilikuwa na viti sitini. Abiria huwa mmoja, wawili. Waliobaki ni wasindikizaji, nao husafiri bure kwa mujibu wa katiba. Ndege hupaa vizuri, watu huimba, hugawiana maandazi. Ikifika juu ya mlima mmoja usio na mti hata mmoja, uitwao Kipara, ambao ndio katikati ya njia, mhudumu hupiga kengele. Mkubwa wa wasindikizaji husimama kumwambia abiria kwamba wamemfikisha. Abiria hufuta machozi akasema hawezi kuwaacha warudi wenyewe. Ndege inageuza. Inatua Hodi kwa shangwe, na tiketi inasogezwa mbele hadi safari ijayo.

Rubani mkuu, Kapteni Lubango, mtu mzima mwenye sharubu za upole, alikuwa ameitumikia Heshima tangu enzi ya rais aliyepita. Chausiku alimuuliza kama aliwahi kuuona Ukomo. Akasema ndiyo, kwenye kalenda.

Alimwonesha pia kipimo cha mafuta. Shirika liliweka ya kwenda nusu na kurudi nusu, na akiba kidogo ya kuzunguka kama uwanjani pana mbuzi. Kapteni aliusifu utaratibu huo kwa ubanaji wa matumizi. Chausiku kichwani alijumlisha nusu na nusu, na jibu alilopata lilimkosesha usingizi.

Masika yakaendelea kuisha. Alitua Hodi Jumatatu, akatua Hodi Jumatano, akatua Hodi Ijumaa. Leseni haikutaka kusikia habari za Hodi. Alimwomba Bwana Mwinyikombo safari moja tu, tupu, aende afike arudi. Bwana Mwinyikombo alisikitika sana. Alimwambia ndege tupu haina wa kuisindikiza, itaondokaje?

Ikabaki safari moja kabla ya leseni kufa, na safari hiyo ikatangazwa kuwa ya Mheshimiwa Dokta Masumbuko Kilindo, Waziri wa Mapokezi, Usindikizaji na Mambo ya Katikati. Alikuwa anakwenda kuzindua uwanja wa ndege wa Ukomo, uwanja ambao alikwisha kwenda kuuzindua mara nyingi hata watoto waliujua wimbo wake. Bi Siwatu alitazama ndege ikipita juu ya karai lake la mihogo. Alipunga kijiko, akarudi kugeuza muhogo. Hakuona sababu ya kusubiri matokeo, aliyajua.

*

Siku hiyo ndege ilijaa wakubwa. Katibu Mkuu alikuwamo, wakurugenzi walikuwamo, Mkuu wa Mkoa wa Hodi alikuwamo, wote wasindikizaji. Kapteni Lubango naye aliombwa akae nyuma kumsindikiza Mheshimiwa, kwa kuwa cheo chake kilimruhusu. Usukani akaachiwa Chausiku, na walimpa kwa moyo mweupe, maana kugeuza alikuwa anajua.

Kipara kilipoanza kung'aa kwa mbele, mhudumu akaishika kengele. Chausiku akawahi kipaza sauti.

"Waheshimiwa," alisema kwa ile sauti ya kumuaga mkwe, "tunakaribia katikati. Lakini kwa mgeni wa hadhi hii, mimi naona aibu kuishia hapa kama tunamsindikiza mpiga ramli. Naomba tumsogeze kidogo tu, mpaka pale kwenye wingu jeupe. Aliyechoka anyooshe mkono."

Mkono gani utanyooshwa hapo, na Waziri amegeuka anatazama? Wasindikizaji walitazamana. Katibu Mkuu akasimama, akasema wingu ni kitu gani, yeye anafika na Mheshimiwa mpaka mtoni. Mkurugenzi wa kwanza akasema mto uko karibu mno, huo ni utani. Yeye mpaka msituni. Wa pili akasema kama ni msitu, basi ni ule wa pili. Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa na wasiwasi na mkoa wake, alipiga magoti kwenye njia ya katikati ya viti akaapa kwamba haoni pa kuishia. Mhudumu alikumbatia kengele kifuani isije ikalia kwa bahati mbaya, apoteze kazi.

Waziri alikuwa analia kwa furaha. Tangu aingie siasa hajapendwa kwa kilomita nyingi kiasi kile. Wingu likapita, mto ukapita, msitu wa kwanza ukapita. Ndipo akanyanyuka, akaja mpaka mlango wa chumba cha rubani akiwa bado ana leso mkononi.

"Binti, hapa ni wapi?"

"Ni mbele, Mheshimiwa."

"Mbele ya wapi?"

"Ya katikati."

Waziri akachungulia dirishani. Chini palikuwa na nchi yake, kipande ambacho hajawahi kukiona. Akasema basi, upendo wao ameuona, sasa wageuze.

"Mheshimiwa, mafuta ya kurudi hayatoshi."

"Yamevuja?"

"Hayajavuja. Ya kufika yanatosha."

Mheshimiwa Dokta Kilindo alishika mlango kwa mikono miwili. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo asisikike nyuma, kufika huwa kunakuwaje. Chausiku akamwambia ni kama kurudi, isipokuwa watu ni wengine.

*

Uwanja wa Ukomo ulikuwa na nyasi za kufika magotini na kamati ya mapokezi iliyokesha miaka. Kwaya ya watoto wa chekechea iliyoandaliwa kwa uzinduzi wa kwanza ilikuwapo bado, ila sasa besi zilikuwa nyingi na wawili walikuwa na vipara. Ndege ilipotua hawakuimba. Walidhani ni mazoezi.

Chausiku alizima injini, akaweka mikono mapajani. Leseni ilikuwa hai.

Waziri alishuka, akapanda jukwaani, akafungua hotuba. Hotuba ilikuwa moja tu, ile ya siku zote, kwa sababu nyingine haikuwahi kuhitajika. Basi akawaambia wananchi wa Ukomo kwamba alifurahi sana kukaa nao, kwamba ukarimu wao hatausahau, na kwamba kwa masikitiko makubwa sasa anawaaga. Watu wakapiga makofi ya adabu. Ndipo muuguzi wa zahanati akanyoosha mkono, akaulizia dawa ambazo redio ilisema zimepelekwa. Waziri alimjibu kwa uhakika kwamba zilipelekwa, aliwahi kuzisindikiza yeye mwenyewe. Akataka kuendelea, kisha akakumbuka safari ile iliishaje, akakohoa mpaka muda wa maswali ukaisha.

Pembeni ya jukwaa mwanamke mmoja alikuwa akimkazia Chausiku macho. Akamsogelea, akamshika kidevu kama anachagua nyanya.

"Wewe ni wa Siwatu. Mimi ni mama yako mkubwa." Hakungoja jibu. "Mama yako ana kinyongo gani na mimi?"

"Hana kinyongo, mama. Kila mwaka anakuja."

"Anakuja wapi, mimi nisimwone?"

"Katikati."

Bi Mwantumu alimwachia kidevu. Akageuka upande ule Hodi iliko, akasema alikuwa akimwekea chai motoni kila masika, na kila masika ilikuwa ikikauka sufuriani, akaamua kwamba amechukiwa.

Mafuta ya kurudia yalipatikana kwa Bi Nyamizi, ambaye kizee chake kilikuwa kimetua asubuhi na alikuwa na mapipa yake pale. Aliuza bila salamu nyingi. Ila alipomaliza kufunga kifuniko alimtazama Chausiku akasema, "Umetua vizuri. Lile swali bado nalingojea."

*

Hodi kulikuwa na kikao. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, na kosa lilikuwa jipya katika sheria za nchi: kumfikisha kiongozi. Wakurugenzi walisema kitendo kile kimeitia serikali hasara kubwa, kwa sababu sasa Ukomo wamejua kuwa serikali inaweza kufika, na wanaulizia dawa. Katibu Mkuu alidai yeye alitaja mto tu.

Chausiku alipewa nafasi ya kujitetea. Alisema hakumlazimisha mtu. Yeye alisema mpaka pale kwenye wingu, na waliobaki walitaja wenyewe. Kikao kikaona huo ni ukweli, na ukweli ukaongezwa kwenye makosa yake.

Akafukuzwa kazi. Lakini hii ni Karibuni. Mtu anayeondoka hasukumwi nje kama paka. Aliyefukuzwa naye ni mgeni anayeaga. Kwa hiyo ikaandaliwa hafla, bendi ya shaba ikaja, Bwana Mwinyikombo akalia mpaka shati la mtu mwingine likalowa, na Chausiku akaulizwa anakwenda wapi ili ijulikane katikati ni wapi. Akasema anakwenda kwa Bi Nyamizi. Walinuna, ila walisindikiza. Na kwa kuwa banda la Bi Nyamizi lilikuwa palepale uwanjani, katikati ilipita kabla bendi haijamaliza ubeti wa kwanza, nao wakajikuta wote wamefika, Waziri mbele, mtaa mzima wa Bi Siwatu nyuma.

Bi Nyamizi alikuwa juu ya pipa lake.

"Haya, unaona haya kuondoka?"

"Naona," Chausiku alisema. "Lakini nitaondoka nazo."

Bi Nyamizi akamrushia funguo. Chausiku alipanda, akawasha pangaboi la kushoto, likakohoa vumbi juu ya sare za bendi. Watu wakaanza kuusogelea mlango wa ndege kama kawaida yao. Bi Nyamizi akaonesha kibao. Wakasimama.

Hapo ndipo Bi Siwatu alipojitokeza katikati yao. Mkononi alikuwa na tiketi, na begani lile begi la chini ya kitanda. Hakumwambia mtu, hata mwanawe. Majirani walifurahi, waliuliza safari ya wapi, wakaanza kukunja mikono ya nguo zao wajiandae, mmoja akauliza maandazi kayabeba nani. Bi Siwatu alipanda ngazi. Mlangoni akageuka. Chausiku, aliyekuwa anatazama dirishani, aliona midomo ya mama yake ikifunguka na kufumba mara kadhaa kama ya mtu anayejaribu chai ya moto.

"Jamani," Bi Siwatu alisema. "Nawapenda sana. Inatosha. Rudini."

Bendi ilinyamaza. Mlango ukafungwa. Kizee cha mapangaboi kikakimbia, kikajinyanyua na vifaranga vyake, kikaelekea Ukomo, na safari hiyo chai haikukauka.

Waliobaki chini walipunga mikono hadi ndege ikawa nukta. Kisha wakabaki wamesimama. Hawakuwahi kuambiwa rudini, hivyo hawakujua kunaanzwaje. Inasemekana wapo pale mpaka leo, Waziri, bendi na wote, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze kwenda nyumbani, kwa sababu wa kwanza kuondoka itabidi asindikizwe.